Nyumba, Kiwanja na Karatasi: Maneno ya Mnunuzi wa Nyumba ya Wageni Mjini Garissa

Anayetajiwa nyumba ya kupangisha wageni nchini Kenya huelekea kufikiria pwani, au miji iliyo chini ya milima mithili ya Nanyuki, ambako mtalii aliyekuja kuukwea Mlima Kenya hutafuta chumba chenye moto wa kuni na dirisha linalotazama kilele. Garissa haimo katika picha hiyo. Mji huu umekaa kwenye tambarare ya joto kando ya Mto Tana, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, wala hauna kilima cha kujivunia. Hata hivyo wageni wapo, tena wengi. Wapo wachuuzi wanaofuata soko la mifugo, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Wapo maafisa wa serikali ya kaunti iliyoanza kazi mwaka 2013, mawakili na wenye kesi, wazazi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2017, na wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaopita kwenda Dadaab, kilomita mia moja hivi mbele, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991. Hawa hawaji kustarehe. Wanataka chumba safi, maji, feni inayozunguka usiku kucha, na ua wenye lango la kufungwa.

Ndiyo maana Mgarissa aliyejiwekea akiba, awe nyumbani, Eastleigh au Minneapolis, hufikiria kwanza kununua nyumba ya kupangisha. Makala haya yananuia kueleza mambo ambayo mnunuzi huyo hana budi kuyafahamu, na hasa maneno anayokutana nayo njiani. Tumeyapa maneno uzito kwa sababu moja. Mauziano ya nyumba mjini Garissa aghalabu hujadiliwa kwa Kisomali, hubishaniwa bei na kushuhudiwa kwa Kiswahili, kisha hutiwa sahihi kwa Kiingereza. Kila yanapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, kitu fulani hudondoka, na mara nyingi kinachodondoka ndicho kiini cha mali yenyewe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini nyaraka za ardhi zinaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeitwa na jamaa zake "aje awasomee karatasi" anajua tunachokisema.

Nyumba si ardhi

Tuanze na neno lenyewe, nyumba. Kwa mfugaji wa kaskazini mashariki, nyumba ya asili ni aqal, yaani kuba la fito na mikeka linalojengwa na wanawake, likavunjwa siku ya kuhama na kupakiwa juu ya ngamia. Nyumba ya namna hiyo ina mwenyewe, tena anayejulikana vizuri, ila haina kiwanja. Ardhi iliyo chini yake ni ya malisho, na malisho ni ya jamii. Kwa hiyo kuitenga nyumba na ardhi si fikra ngeni kwa mtu wa Garissa. Si ngeni kwa Mswahili wa pwani pia. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa na Malindi kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni mali ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kitu kidogo kila mwezi ili aendelee kukalia.

Tatizo ni kwamba sheria ya Kenya iliyoandikwa haifikiri hivyo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi. Anayesema "nimenunua nyumba" bila kuuliza kiwanja ni cha nani huenda amenunua matofali tu. Katika mitaa ya Garissa inayoitwa bulla, neno la Kisomali lenye maana ya kijiji au mtaa, zipo nyumba za mawe na mabati zilizojengwa na kuuzwa mara mbili au tatu bila mtu yeyote kuwa na haki ya kuiuza ardhi iliyo chini yake. Kila muuzaji alisema kweli aliposema nyumba ni yake.

Barua ya ugawaji na hati miliki

Ili kuelewa hali hii yafaa turudi nyuma kidogo. Baada ya uhuru, ardhi ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki iliwekwa katika kundi la ardhi ya udhamini. Mabaraza ya wilaya yaliishika kwa niaba ya wakazi, chini ya Katiba ya wakati huo na Sheria ya Ardhi ya Udhamini, Sura ya 288. Neno udhamini ni zuri kuliko yaliyotendeka. Baraza liliweza kutenga sehemu ya ardhi na kuigawa viwanja. Aliyegawiwa alipewa barua. Barua hiyo, ambayo wengi huiita "aloti" au "karatasi ya kansili", ilitaja nambari ya kiwanja, malipo yanayotakiwa, na muda wa kukubali. Walio wengi waliiweka sandukuni wakaanza kujenga. Upimaji haukufuata, usajili haukufuata, na miaka ikapita. Ikumbukwe pia kuwa eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991, na kwamba mnamo Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi, tukio lililochunguzwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya mwaka 2013. Moto hauchagui kati ya mkeka na karatasi.

Basi barua ya ugawaji ni kitu gani? Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Barua ya ugawaji ni ahadi yenye masharti. Mamlaka inamwambia mtu: tuko tayari kukupa kiwanja hiki, ukikubali kwa maandishi na kulipa kiasi hiki katika muda huu. Hati miliki ni jambo lingine kabisa. Ni ushahidi kwamba kiwanja kimepimwa, kimeandikwa katika daftari la ardhi, na jina la mwenyewe limeingia humo. Kati ya barua na hati kuna njia ndefu. Katika Kiswahili cha mitaani zote mbili huitwa "karatasi", na muuzaji anayesema "nyumba ina karatasi" hajasema uongo hata kidogo.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata shauri kuhusu jambo hili mnamo Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua ardhi ya Embakasi, Nairobi, kutoka kwa kampuni nyingine iliyoshika barua ya ugawaji. Mahakama ilisema kuwa barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umilikaji, na kwa hiyo anayeishika bila kutimiza masharti yake hana cha kumhamishia mnunuzi. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2023, mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Dina Management iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa: hata hati miliki haimlindi mnunuzi ikiwa ugawaji wa kwanza ulikuwa haramu. Mnunuzi alipe kwa nia njema, asilipe kwa nia njema, mahakama itauliza ardhi ilitokaje mikononi mwa umma. Kwa maoni yetu hukumu hizi mbili zina uzito mkubwa zaidi Garissa kuliko Nairobi, maana Nairobi barua ya ugawaji ni hatua ya njiani, ilhali katika mitaa mingi ya Garissa ndiyo karatasi ya mwisho ambayo familia imewahi kuiona.

Tangu mwaka 2010 ardhi ya udhamini inaitwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ndiyo inayoisimamia. Jamii inatakiwa isajiliwe, ardhi ipimwe na kuandikishwa kwa jina lake. Kabla ya usajili huo, serikali ya kaunti inaishika kwa niaba yao, na sheria inaikataza kaunti kuiuza au kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Baada ya usajili, uamuzi wa kuiondoa mikononi mwa jamii unahitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili za wanajamii waliosajiliwa. Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi kuieleza ingawa ni chungu kuimeza: kiwanja kilicho pembezoni mwa mji, kinachouzwa na mzee mmoja anayeheshimika mbele ya wazee wengine watatu, huenda hakina muuzaji kisheria. Mzee si mwongo. Hana tu thuluthi mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "bei gani?" bali "ardhi hii imepimwa?" Likijibiwa, afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi kwa nambari ya kiwanja, asitosheke na nakala aliyoonyeshwa. Aende na mpimaji aliyesajiliwa akaangalie mawe ya mipaka. Na ajue yuko upande gani wa mto, kwani ukivuka daraja kuelekea Nairobi, Madogo na Mororo zimo katika Kaunti ya Tana River, na mpaka huo umebishaniwa kwa miaka mingi.

Nani anaruhusiwa kununua

Walio ng'ambo wanahitaji angalizo la pekee. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa muda tu, usiozidi miaka 99. Kabla ya Agosti 2010, Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza ule wa Kenya. Katiba mpya inamruhusu kuurudia, lakini ni lazima auombe, haurudi wenyewe. Mtu aliyeapa Marekani mwaka 2004 na hajaomba tena ni mgeni mbele ya msajili wa ardhi, hata kama kabila lake lote liko Garissa. Suluhisho la haraka ambalo wengi hulipenda ni kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu. Ndugu akifa, nyumba inaingia katika mirathi yake, na watoto wake hawakuwepo siku ahadi ilipotolewa.

Kinyume chake pia kipo. Baadhi ya raia wa eneo hili ambao majina au alama zao za vidole ziliingia katika orodha ya wakimbizi walikaa miaka mingi bila kitambulisho. Bila kitambulisho hupati nambari ya mlipa kodi, na bila nambari hiyo ardhi haiandikishwi kwa jina lako.

Tukiwa bado kwenye mirathi, nyumba ya marehemu isinunuliwe kwa haraka. Waislamu hugawana kwa kanuni za dini yao, na mahakama ya kadhi ina mamlaka hayo, ila Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mali isiyohamishika kuuzwa kabla ya idhini ya usimamizi kuthibitishwa. Kaka mkubwa anayeuza "kwa niaba ya wote" anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai.

Arubuni, amana na riba

Tumefika kwenye malipo, na hapa msamiati wetu una utajiri unaofaa kutunzwa. Mnunuzi hutoa malipo ya kwanza, kwa desturi asilimia 10 ya bei. Je, malipo hayo ni amana au arubuni? Wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Amana ni kitu ulichomkabidhi mtu akutunzie. Hakiwi chake, na ukikitaka anakurudishia. Arubuni ni fedha ya kufunga bei: mauziano yakikamilika huhesabiwa ndani ya bei, mnunuzi akijitoa muuzaji hubaki nayo. Mkataba wa Kiingereza kwa kawaida unakusudia jambo la pili, ilhali mfasiri wa papo kwa papo humwambia mama mnunuzi kuwa anaweka "amana". Mama huelewa alivyofundishwa na lugha yake, kwamba fedha bado ni zake.

Kuna tanzu ya kidini pia. Wanafikihi wa madhehebu matatu, Shafi wakiwemo, ambao ndio wengi Garissa, waliipinga biashara ya arubuni inayopotea, Wahanbali waliiruhusu. Mnunuzi na muuzaji wakikubaliana mapema kwa maneno ya wazi nini kitatokea mauziano yakivunjika, ubishi mwingi utakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Kuhusu mkopo, rehani yenye riba huwazuia wengi. Tangu mwaka 2008 zimekuwepo Kenya benki zinazofuata sharia tupu: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo mwaka 2023 ilichukuliwa na Premier Bank ya Somalia na kubadili jina. Katika murabaha benki hununua nyumba yenyewe, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, naye hulipa kwa awamu. Katika musharaka ya kupungua, benki na mteja humiliki pamoja, na fungu la benki hununuliwa kidogo kidogo. Njia zote mbili zinaanza na benki kununua, na benki hainunui nyumba yenye barua ya ugawaji tu. Hivyo benki ikikataa nyumba, mnunuzi asikasirike. Amepewa ushauri wa bure.

Mkataba wenyewe sharti uwe wa maandishi. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinadai makubaliano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Ushahidi wa wazee na fatiha vina thamani yake katika jamii, nasi hatuvibezi, ila havitoshi mahakamani. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake, na mlipaji ni mnunuzi.

Kupanga, kupangisha na kodi

Sasa tuseme nyumba imenunuliwa. Kitenzi panga humhusu anayekaa, na pangisha humhusu mwenye mali. Vivyo hivyo kodi na kodisha. Lakini ni wangapi kati yetu hawajasikia Mkenya akisema "nimekodisha nyumba Garissa" akiwa na maana kuwa yeye ndiye anayekaa humo? Mnyambuliko wa kutendesha ukipotezwa katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayeumia. Ukipotezwa katika mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, mwenye nyumba na mpangaji wamebadilishana viti.

Nomino kodi ina mzigo mzito zaidi. Mwenye nyumba wa Garissa hupokea kodi kutoka kwa mpangaji, huitolea kodi serikali kuu kutokana na mapato hayo, hulipa kodi ya viwanja kwa kaunti, na ikiwa umilikaji wake ni wa muda, hulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Neno moja, malipo manne, wapokeaji tofauti. Watanzania wana neno pango kwa malipo ya mpangaji, na hatuoni kwa nini wanafunzi wa Kenya wasilipokee. Kwa anayepangisha makazi, kodi ya mapato ya pango ni asilimia 7.5 ya jumla yote tangu Januari 2024. Awali ilikuwa asilimia 10. Kiwango hiki humhusu anayepata zaidi ya shilingi 288,000 lakini zisizozidi milioni 15 kwa mwaka. Mgeni wa usiku mmoja si mpangaji wa makazi. Nyumba inayomlaza ni biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, yenye leseni zake na tozo ya asilimia 2 ya mauzo.

Mtego mwingine umo katika majengo yaliyokwisha kuwa hoteli au mkahawa. Sura ya 301 inamlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mnunuzi mpya anamrithi mpangaji huyo pamoja na kuta. Akitaka kumwondoa hana budi kutoa notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu na kueleza sababu, naye mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza la kusuluhisha migogoro hiyo. Katika mji ambako mapatano ya mdomo ndiyo desturi, wapangaji wa aina hii ni wengi.

Maji ya mlima

Tulisema Garissa haina mlima. Ina maji yake. Tana huanzia katika Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, hupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka kwenye tambarare. Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu na mabwawa yakafurika, Garissa hupokea mafuriko chini ya anga isiyo na wingu. Ilitokea wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ikatokea mwaka 2018, ikatokea tena Novemba 2023 na Aprili 2024, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo na familia za mitaa ya kando ya mto zikahamia kambini. Nyumba zenye miti na upepo wa mto ndizo zinazompendeza mgeni, na ndizo za kwanza kuingiwa na maji.

Kanuni za rasilimali za maji zinatenga ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wake, na ujenzi humo hauruhusiwi. Sheria hiyo inahesabu kutoka ukingoni, maji hayahesabu. Mnunuzi aende mwenyewe akaangalie mistari ya tope kwenye kuta za jirani. Aulize akina mama wa mtaa, wala si dalali, maji yalifika wapi mwaka 2018 na yalifika wapi mwaka 2024, na kwa siku ngapi. Aulize pia nani alikuwa akilala katika vyumba hivyo. Ikiwa ni wafanyakazi wa misaada peke yao, akumbuke jinsi fedha za misaada ya kimataifa zilivyopunguzwa mwaka 2025, apige tena hesabu ya vyumba vitakavyojaa, kisha ndipo aitaje bei.